Ya mbele au ya nyuma?

"Unataka ya mbele au ya nyuma?"

Muuza nyama alikuwa na shoka mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto amekibana kidari cha ng'ombe juu ya gogo. Mie nilikuwa nimekuja na maombi ya mtu mwengine. Shemegi yangu, mume wa dada, anaishi Houston, Marekani, na alikuwa amenitumia sauti ya WhatsApp kwamba akija likizo na watoto atatuchomea kidari kwa mtindo wa Texas, ile wanayoiita brisketi, kwa hivyo nianze mapema kutafuta bucha la kutegemewa. Nikaingia, nikasalimia, nikaomba kidari. Sikujua kama kidari kina swali.

Kabla sijafungua mdomo, bi mkubwa mmoja nyuma yangu, kikapu cha ukindu mkononi, akanijibia.

"Mpe ya nyuma. Huyu ana wageni."

Kijana aliyeegemea mlango na ndoo yake ya nyama ya supu akacheka. "Wageni ndio wapewe ya nyuma, bi mkubwa? Mpe ya mbele bwana."

Shoka likashuka kabla hawajapatana. Kila kipande kikatoka na mfupa wake, nikachukua cha mchuzi, kijana akajaza ndoo.

Mchuzi uliliwa siku ile ile. Swali lilibaki. Watu wawili wanaonunua nyama kila uchao wanatazama pande moja juu ya gogo moja, wanatoa amri mbili zinazopingana, na muuza nyama haoni ajabu yoyote. Kuna kitu wote watatu walikiona na mie sikukiona.

Shoka kwanza

Wengi wetu tunakula kidari tangu utotoni na hatujawahi kukiona kizima. Bucha la mtaani lina steki na lina nyama ya mfupa. Maini, ulimi, mkia na utumbo vina bei zao. Kidari hakina bei yake. Kimo humo humo ndani ya nyama ya mfupa, kinakatwa kwa upana pamoja na ncha za mbavu na mfupa wa kifua, na ukifika nyumbani huwezi kusema kipande hiki kilikuwa wapi mwilini mwa ng'ombe.

Sina ugomvi na mkato huo. Kwa supu ndio wenyewe hasa. Kifua kina gegedu nyingi, na gegedu ikikaa motoni saa mbili tatu ndiyo inayoipa supu ule uzito wa kunata midomoni. Wauza supu wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana kijana wa ndoo yuko mlangoni mwa bucha wakati wengine wanatoka msikitini alfajiri. Ukienda saa tatu asubuhi kuuliza kidari, unauliza kitu ambacho kimeshaanza kuchemka kwa mtu.

Ila mtu wa moto wa polepole anahitaji vitu viwili ambavyo shoka linaviharibu kwa pigo la kwanza: kuona nyuzi za nyama zinaelekea wapi, na kuona ule mkanda wa mafuta uliomo katikati. Bila hivyo viwili hununui kidari, unanunua nyama tu.

Ng'ombe wa watu saba

Jibu la kwanza nililipata Pemba, Iddi ya kuchinja, shamba kwa ami yangu karibu na Wete. Ng'ombe mmoja wa udhiya huwatosha watu saba, na huyu alikuwa na saba wake. Hiyo ndiyo fursa pekee ambayo mtu wa kawaida anaipata ya kumuona ng'ombe mzima akifunguliwa, na kuomba jambo bila foleni ya watu nyuma yake.

Panga lilipokaribia kifua nikamuomba ami asikikate.

"Kwani unataka kukitundika ukutani?"

Lakini akanitolea. Alikiweka kisu bapa juu ya mbavu akakibandua kidari chote cha upande mmoja, kikatoka kama kilivyo, akakilaza juu ya majani ya mgomba. Upande mmoja mnene, mafuta juu yake, umevimba. Upande wa pili unaendelea kuwa mwembamba mpaka unakutana na nyama ya tumbo. Halafu akafanya kitu kilichonimalizia wiki nzima za kujiuliza: akaingiza kidole pembeni, kwenye mkanda wa mafuta, akasukuma, na ile nyama ikaanza kuachana yenyewe bila kisu.

"Hizi ni nyama mbili," akasema, kwa sauti ya mtu anayemueleza mtoto kwamba maji ni maji.

Nyama mbili, moja juu ya nyengine.

Ya chini, inayolala juu ya mbavu, ni pana, bapa na ndefu. Inaanzia mbele na kwenda mpaka mwisho wa nyuma. Ina mnofu mwingi, mafuta machache, na nyuzi zake zimenyooka upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ya juu ni fupi na nene, iko mbele tu, karibu na shingo. Hiyo ndiyo yenye mafuta yaliyopenya ndani ya nyama yenyewe, na nyuzi zake zinakwenda upande mwengine kabisa. Kwa hivyo ukikata kidari katikati, kipande cha nyuma kina nyama moja, bapa na kavu. Kipande cha mbele kina zote mbili, moja imempanda mwenzake.

Ya mbele. Ya nyuma.

Muuza nyama wangu hakuwa akinitania wala kunipima. Aliniuliza swali lile lile ambalo bucha la Texas lingeniuliza, maana huko nako kidari huuzwa kizima, au bapa peke yake, au ncha ya mbele peke yake, na bapa ndiyo huonekana zaidi madukani kwa sababu imekaa sawa na inapendeza machoni.

Kwa nini ni ngumu

Ng'ombe hana mtulinga. Sisi mabega yetu yameshikwa na mfupa mbele. Yeye kiwiliwili chake kimening'inia katikati ya miguu ya mbele, kimeshikwa na misuli, na hiyo misuli ya kifua ni sehemu ya kazi hiyo. Miguu ya mbele ndiyo hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wote. Anaposimama inafanya kazi, anapotembea inafanya kazi zaidi. Ndiyo maana imejaa kolajeni, zile nyuzi nyeupe zinazoifanya nyama igome meno.

Kolajeni haiogopi moto mkali. Ukiupandisha moto, inajikunja na kukaza. Inayeyuka kuwa jelatini pale nyama inapokaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 70 za Selsiasi kwa masaa, na wachomaji wa Texas hawaitoi mpaka ndani ifike baina ya 90 na 96. Kwa hesabu za steki hiyo ni nyama iliyoungua. Kwa kidari ndipo inapoanza kulika.

Wajerumani na Wacheki waliofungua mabucha katikati ya Texas karne ya 19 walikuwa wakichoma kwa moshi nyama iliyobaki bila mnunuzi, na Mayahudi nao walikuwa na mapenzi ya kidari kwa sababu ya sheria yao: nyama ya nyuma ya ng'ombe haifai kwao mpaka itolewe mshipa mkubwa wa paja na baadhi ya mafuta, kazi ngumu ambayo wengi wanaikwepa kwa kula nusu ya mbele tu. Hivi leo kidari ndicho fahari ya mji kama Lockhart, huko huko Texas. Kilianza kama nyama ya watu wasiokuwa na cha kuchagua.

Wasemayo kwenye video

Baada ya Iddi niliingia kwenye video za Wamarekani, usiku kucha, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimepata kazi nyengine. Na hapo ndipo mashaka yalipoanza, kwa sababu nusu ya wanayoyafundisha hayafanyi kazi Unguja.

Wanasema: kinyanyue kidari katikati, kikilegea pande zote mbili kama nguo basi ni kizuri. Sawa, lakini wao wananyanyua nyama ya baridi, imekaa ndani ya plastiki siku nyingi tangu ichinjwe. Ya kwetu imechinjwa usiku wa kuamkia leo. Mapema asubuhi inalegea yote, hata ya ng'ombe aliyezeeka; baada ya masaa inakakamaa yote, hata ya ndama. Ukiifanya hesabu hiyo kwenye bucha la Mwanakwerekwe utajua saa aliyochinjwa ng'ombe, hutajua kengine.

Wanasema: mafuta yawe meupe pe. Mafuta meupe ni ya ng'ombe aliyelishwa mahindi na nafaka. Wetu anakula majani, na rangi ya majani inaingia kwenye mafuta, inayapa umanjano. Umanjano huo si ubovu. Ukiwa mkali sana unaweza kuwa dalili ya ng'ombe mzee, hapo utizame na rangi ya nyama yenyewe: ikiwa nyekundu ya kuiva hadi kukaribia weusi, mwachie muuza supu.

Wanasema: usinunue chini ya kilo 5. Hapa nilicheka peke yangu. Ng'ombe wao wa kuchinjwa anafika kilo 600 na zaidi. Ng'ombe wetu mfupi mwenye nundu, awe wa hapa au wa kuletwa kwa chombo kutoka bara, ni nusu ya huyo au chini yake. Kidari cha upande mmoja, kikishatolewa mfupa, mara nyingi hakifiki kilo 3. Sehemu yake ya nyuma ni nyembamba kiasi kwamba ukiiweka juu ya moshi masaa kumi unatoa kitu cha kuezekea banda.

Wapo wanaoapa kwamba kidari cha kushoto ni laini kuliko cha kulia kwa sababu ya upande anaopenda kulalia ng'ombe. Nilimpigia ami kumuuliza. Hakukata simu, lakini alinyamaza muda mrefu.

Kinachobaki katika mafunzo yao, na kinafaa kokote, ni kugusa. Pitisha kidole kwenye mkanda wa mafuta baina ya nyama mbili. Yapo mafuta laini yanayobonyea, haya yatayeyuka. Yapo magumu yanayokataa kubonyea, yamekaa kwa donge pale nyama mbili zinapokutana. Haya hayayeyuki hata ukeshe nayo, yatolewe kwa kisu mapema.

Nyama inayojiita kidari

Duka moja kubwa la mjini liliniuzia kipande kilichofungwa vizuri, kimegandishwa, na lebo ya brisketi juu. Nilipokiyeyusha nikakuta matabaka: nyama nyembamba, mafuta, nyama nyembamba, mafuta. Hicho hakikuwa kidari. Ilikuwa nyama ya chini ya ubavu, inayofuata nyuma ya kidari, tamu sana kwa kazi zake. Simlaumu mtu wa mezani, huenda hata yeye aliletewa hivyo hivyo. Lakini ndiyo iliyonifunza kuangalia ubavu wa nyama, pale ilipokatwa, kabla sijaangalia juu yake.

Kidari cha kweli ukikitazama kwa ubavu kina nyama nzito isiyokatika, au nzito mbili na mkanda mmoja tu wa mafuta katikati. Ukiona matabaka mengi membamba yanapishana, umeshatoka kifuani. Wamarekani huweka mpaka baina ya ubavu wa tano na wa sita. Bucha letu halihesabu mbavu, lakini wewe unaweza kuhesabu kabla shoka halijapita.

Mwengine anayejifanya kidari ni bega. Muuza nyama akiona unataka mnofu mnene wenye mafuta, anaweza kukukatia kipande cha bega kwa nia njema kabisa. Bega lina nyuzi zinazokwenda huku na huko na kano zimepita katikati. Kidari hakina kano nene ndani ya mnofu, na upande wake wa chini una alama za mbavu zilizobanduliwa, vijistari vya utando kama vya godoro lililolaliwa muda mrefu. Ukiziona alama hizo, umefika.

Bi mkubwa alikuwa na lake

Nilimkuta tena bi mkubwa wa kikapu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kwa nini siku ile alisema nipewe ya nyuma.

Alinitazama kama mtu aliyekosa malezi. "Si umesema una wageni? Wageni hawapikiwi boko?"

Basi lote likafunguka. Mie sikuwa nimesema nina wageni, aliyaona mwenyewe kwa namna nilivyoomba, lakini hilo si neno. Kwake yeye wageni ni bokoboko, na bokoboko inataka nyama ambayo ikiiva inachambuka nyuzi ndefu, inapigwa na ngano mpaka vyote vinakuwa kitu kimoja. Mafuta ya mbele yangemchafulia sufuria. Samli anaitia mwenyewe mwisho, kwa kipimo chake. Kwa kazi hiyo hakuna nyama bora kuliko ile bapa ya nyuma, kavu, yenye nyuzi zilizonyooka.

Na kijana wa ndoo anataka mafuta na gegedu za mbele kwa supu yake. Wote wawili hawakukosea. Walikuwa wakijibu maswali tofauti, na muuza nyama alilijua hilo, ndiyo maana hakushtuka.

Hapo nikapata msimamo wangu, na nausema bila kupepesa: kwa ng'ombe wetu, nyama ya nyuma ya kidari isipelekwe kwenye moshi. Texas inawezekana kwa sababu bapa yao ni nene na imelala chini ya mafuta ya ng'ombe aliyenoneshwa. Ya kwetu iachwe iende kwenye boko. Anayetaka kuchoma achukue mbele, zile nyama mbili pamoja, na asiziachanishe kabla ya moto, kwa sababu ya juu inailinda ya chini.

Nundu, kwa kupita

Kuna jambo Wamarekani wa Texas hawana kwa wingi na sisi tunalo kila siku. Ng'ombe wao wengi hawana nundu. Brazil wanazo, maana ng'ombe wao kwa wingi asili yake ni India, na huko nundu inachomwa polepole kwa masaa mpaka inayeyuka, ina jina lake na heshima yake. Ukiikata utaona ni nyama iliyopandana na mafuta toka ndani, bila mkanda wa kutenganisha. Kwa moto wa polepole mie naiweka mbele ya kidari chetu. Nilimwambia shemegi. Akasema watoto wameahidiwa brisketi.

Alipofika

Siku hizi nikienda bucha nasema hivi: kidari cha mbele, kisipigwe shoka, upime na mfupa wake kisha unitolee, mfupa nnachukua mie. Ile ya kupima na mfupa ndiyo iliyotuletea amani. Nikiomba mnofu mtupu ananitajia bei ya steki. Nikilipia mfupa hana hasara, na mfupa nyumbani unapata sufuria. Na nalipa jana yake jioni. Bila hivyo kijana wa ndoo ananiwahi, na ana haki.

Nyama ikifika haiendi motoni siku hiyo. Inakaa kwenye friji siku mbili tatu, kwanza ikakamae, kisha ilegee. Hilo ndilo jambo moja la Wamarekani lililobadilisha nyama yangu kuliko mengine yote, na halihitaji jiko la ajabu.

Shemegi aligeuza pipa, akatumia kuni za mwembe zilizokauka, akaupooza moto mpaka ukasimama kwenye nyuzi 120 hivi. Kabla ya kuweka nyama akakata pembe moja ya ile ya chini, kijipande kidogo, kwa upana wa nyuzi. Nikamuuliza kwa nini. Kwa sababu ikishapigwa moshi inakuwa nyeusi juu, nyuzi hazionekani, na ukiikata kwa urefu wa nyuzi umepoteza kazi yote. Ile pembe inakukumbusha pa kupitisha kisu. Ukifika pale ile ya juu inapoanza, unageuza.

Joto la ndani lilipanda vizuri mpaka karibu na 70 likakataa kuendelea. Watoto wakadhani moto umezima. Nyama ilikuwa inatoka jasho, na jasho likikauka linaipoza, kwa hivyo huo ni mchezo wa kungoja, au unaifunga. Texas wanaifunga kwa karatasi ya bucha. Sie tulikata jani la mgomba, tukalibabua, tukaifunga humo. Kipande chao cha kilo 6 kinakaa motoni saa kumi na zaidi. Chetu kilikuwa tayari baada ya sita, mshikaki ukiingia ndani bila kugomewa.

Tumebaki na ugomvi mmoja. Yeye anashikilia kwamba mafuta ya juu lazima yapunguzwe mpaka yabakie unene wa milimita 6 kabla ya kuchoma. Mie kisu sikigusi. Ng'ombe wa Unguja akiwa na milimita 6 za mafuta kifuani, muuza nyama mwenyewe hamuuzi, anampeleka kwake.